Salamu kwa Waliopandishwa Lori

Kabla ya kusoma vifo alivua viatu. Hakuna aliyemwagiza. Aliviweka chini ya meza, akatafuna kipande cha tangawizi mbichi, akakaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho, kisha akaniangalia kupitia kioo ili niwashe taa nyekundu. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi, lakini stesheni yetu ya redio ya serikali pale Kitale ilikuwa vyumba vitatu tu, kwa hivyo karani ndiye aliyewasha taa, akachemsha chai na kufukuza mbuzi wa jirani waliokuja kujikuna kwenye mlingoti. Siku moja mkubwa fulani aliyetutembelea alimwuliza kama miguu inamuuma.

"Hainiumi," akamjibu. "Ningekuwa nasoma bei ya mahindi ningevaa."

Mkubwa akacheka. Yeye hakucheka.

Nitamwita Mtangazaji, kwa sababu hata sokoni ndilo jina alilokuwa nalo. Watangazaji walikuwa watatu, lakini ukisema Mtangazaji bila kuongeza neno, kila mtu kuanzia Kitale hadi Bungoma alijua ni yule mama mwembamba wa sauti nzito, anayetembea na mwavuli hata wakati wa kiangazi. Na msidhani nimekuja kumpamba. Mabaya yake ninayajua kuliko mtu yeyote, na nitayasema, maana moja kati ya hayo alinifanyia mimi na mama yangu.

Kwetu mtu hajafa sawasawa mpaka redio iseme. Siku hizi simu zimejaa mifukoni, lakini mzee bado atakuuliza, "Kwa redio mmetangaza?" Tangazo lina mtindo wake: marehemu ni mume wa nani, baba ya nani na nani, mkwe wa nani, alifanya kazi kiwanda cha karatasi Webuye ama alifundisha shule fulani. Ukiruka jina la mke wa pili, jua matanga yatakuwa na ngumi. Watu walileta karatasi zao kwenye dirisha langu, nami nikazipokea. Watangazaji wengine walizisubiri studio. Mtangazaji alikuja dirishani mwenyewe.

"Mnamwitaje nyumbani?" aliuliza.

"Imeandikwa hapo, Madam. Ni Wekesa."

"Hiyo ni ya kitambulisho. Mama yake akimwita kuja kula, alisemaje?"

Watu wazima walilia pale pale dirishani, na mimi nikabaki na kazi ya kutafuta leso. Nilimwambia anachelewesha foleni. Akaniuliza aliyekufa ana haraka gani. Alirudia majina yote mara mbili, moja moja, mpaka familia iseme ndiyo, hivyo ndivyo. Kwa matamshi alikuwa mkali kama askari jela. Mimi mtu wa Matulo, r na l kwangu ni mapacha, na kila asubuhi alinisimamisha niseme "redio" mara kumi kabla sijafungua dirisha. "Si uniache, Madam! Mimi sisomi hewani, bana." Hakuniacha. Lakini akikasirika, wee! Yeye mwenyewe alisema "ledio" bila kujisikia, nami nikajifunza kuangalia pembeni.

Pamoja na uangalifu wote huo, aliwahi kumuua mtu mzima mwenye afya yake. Familia moja ya eneo la Kwanza ilipata habari kwamba mtu wao amegongwa na gari mbali na nyumbani. Mwili hawakuuona, ila jina lilikuwa lake. Wakakimbia kwetu, Mtangazaji akasoma. Kumbe aliyegongwa ni mtu mwingine mwenye jina kama lake. Mwenyewe alisikia kifo chake akiwa hotelini, kikombe mkononi. Alipofika nyumbani alikuta turubai limefungwa na mjomba wake ameshachagua fahali wa kuchinja. Kesho yake akawa wa kwanza dirishani kwangu.

"Mimi ndio marehemu," akasema. "Nani alinisoma?"

Mtangazaji hakujificha. Alimshika mkono, akamwingiza studio, akampa maikrofoni awaambie watu yuko hai. Yule bwana alisahau salamu zote alizopangiwa, akapiga kelele, "Mjomba, acha ng'ombe wangu!" Kitale nzima ilicheka wiki mbili. Mtangazaji hakulala vizuri, na tangu siku hiyo akaapa hatatangaza kifo cha mtu ambaye mwili wake haujaonwa na ndugu. Kiapo kizuri sana hicho. Sikujua kitanigeukia mimi.

Vita vya ule mlima unaotutazama vilianza kwa ugomvi wa mashamba. Vijana waliingia msituni na bunduki, wakaua majirani zao. Kisha wenye sare wakaja kuwatafuta hao vijana, wakapakia kwenye malori kila mwanaume waliyemkuta njiani. Kaka yangu Wanyonyi hakuwa mtu wa mlimani wala hakuwa na shamba huko. Alikuwa mwuza vitunguu. Alivinunua huko juu, akaja kuviuza kando ya barabara Webuye, na mdomo wake ulijulikana na madereva wote wa malori ya mizigo. Alipanda mlimani siku ya soko. Wachuuzi wenzake walimwona akisukumwa ndani ya lori gunia likiwa bado begani. Hapo ndipo habari zake zilipokatikia.

Bunduki ziliponyamaza ikaja zamu yetu watu wa redio. Tuliletewa bwana mmoja kutoka Nairobi, tukamwita Mkaguzi. Mpole, shati limepigwa pasi, kalamu nyekundu mfukoni. Hakuna habari wala tangazo lililoingia studio bila muhuri wake. Palipoandikwa "vita" alifuta, akaandika "matukio". Palipoandikwa "waliochukuliwa" alifuta, asiandike kitu. Televisheni nayo ilileta gari na kamera. Walimsimamisha mama mmoja wa mboga sokoni, wakamwambia atabasamu aseme amani imerudi. Akawauliza kama bwana yake amerudi nayo. Wakazima kamera, wakatafuta mama mwingine, na jioni tukamwona huyo mwingine akitabasamu nchi nzima.

Na Mtangazaji? Alisoma! Haya ndiyo mabaya niliyowaahidi. Kwa sauti ile ile tuliyoikabidhi vifo vyetu alisoma kwamba mlimani hali ni shwari, hakuna raia aliyechukuliwa, na wanaosema vingine ni wachochezi. Mama yangu alisikia akiwa Matulo, anachambua maharagwe. Mimi nilisikia nikiwa upande wa pili wa kioo. Taa nyekundu niliiwasha mimi mwenyewe, na mpaka leo kidole hiki nakichukia.

Nikamfuata na tangazo la Wanyonyi nililoliandika usiku kucha.

"Mwili mmeuona?" akaniuliza.

"Tutauona wapi, Madam? Si wako nao!"

"Basi siwezi, Nekesa. Unamkumbuka yule wa Kwanza. Na hata ningeweza, Mkaguzi hatapiga muhuri."

Nikamwambia maneno ambayo karani hamwambii mtangazaji. Nikamwita kasuku wa serikali. Nikamwambia avae viatu vyake, kwa sababu hasomei wafu tena, anasomea wakubwa. Wiki tatu sikumchemshia chai. Alijichemshia mwenyewe, akanimiminia na mimi, nikaiacha ipoe mezani.

Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, wazee hukata mgomba, ukazikwa mahali pake kwa heshima zote, na walio hai wakaweza kunyoa nywele na kuendelea na maisha. Wazee walimjia mama wakamwambia wakati umefika. Mama akakataa katakata.

"Nikizika mgomba sasa watasema mtoto alijifia tu," akawaambia. "Ati hakuna mtu alichukuliwa. Walisema kwa ledio. Basi waseme kwa ledio hiyo hiyo walimchukua. Siku hiyo mtakata mgomba, na mimi mwenyewe nitaubeba."

Wazee wakaondoka wakitikisa vichwa. Majirani wakasema mama amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa na hasira, na alijua ni ya nani.

Jumamosi moja nikiwa nyumbani nikaona mwavuli unakuja kwenye njia ya mahindi. Mtangazaji alikuwa amekuja peke yake, na sukari kilo mbili mkononi. Mama, ambaye hakuwahi kumwona uso, akamwambia mulembe, salamu yetu ya amani, akampa kiti kizuri, akamwekea chai. Mgeni alipofungua mdomo kujitambulisha, mama akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Hiyo sauti naijua. Ndiyo ilisema mwanangu hakuchukuliwa."

Mtangazaji akaweka kikombe chini. "Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Ulikuwa unajua ni uongo?"

"Nilikuwa nashuku."

"Na ukasoma."

"Nikasoma."

Niliona aibu mpaka nikataka kutoka nje. Mama akachukua birika, akamwongezea chai. Hakumsamehe, nisiwadanganye. Mgeni ni mgeni. Mtangazaji akainywa yote, akauliza Wanyonyi akiitwa kula aliitwaje, na mama akamwambia.

Jumatatu alinikuta kwenye dirisha langu. "Leta kadi za salamu," akasema.

Wasiojua, nieleze. Kila Jumapili alasiri tulikuwa na kipindi cha salamu. Mtu ananunua kadi dukani, anaandika jina lake na mahali alipo, anaorodhesha watu kumi wa kusalimiwa, na mwisho anaweka kaujumbe. Yalikuwa mambo ya starehe, watu wakijipa vyeo vya ajabu ajabu, na Mkaguzi aliyadharau. Kalamu yake nyekundu haikugusa kadi hata moja. Hapo ndipo Mtangazaji alipoona mlango. Alizunguka wiki nzima: kule Kwanza, Webuye, vijiji vya mlimani. Kila aliyepoteza mtu alimpa kadi, na asiyejua kuandika alimwandikia. Wengine wa upande wetu walimlaumu kwamba anaandikia na watu wa mlimani, waliotuanzishia fujo. "Mama wa huko hana tumbo?" akawauliza, akaendelea kuandika.

Jumapili ile nikaketi nyuma ya kioo na kidole changu. Akavua viatu. Nilipoviona chini ya meza, nikajua si starehe tena, kwa sababu kwa salamu hakuwahi kuvua.

Akasoma: mama fulani wa Kwanza anamsalimu mwanawe popote alipo, na kumwambia mtoto wake ameanza shule. Mke wa fulani anamsalimu mumewe, na kumwambia mlango hajaufunga kwa komeo. Mama yangu wa Matulo anamsalimu Wanyonyi, mwuza vitunguu, na kumwambia chakula chake kiko. Majina thelathini na kitu, kila moja kama lilivyoitwa nyumbani. Kati yao aliweka nyimbo, na nyimbo zilikuwa za furaha, eti mtu asishuku! Nilicheka na kulia pamoja, mpaka fundi wa mitambo akaniuliza kama nimeugua.

Ilimchukua Mkaguzi Jumapili nne kugundua. Alimwita, na mlango wake ulikuwa mbao nyembamba, kwa hivyo nilisikia.

"Hawa watu unaosalimia wako wapi?"

"Hiyo ndiyo tunauliza sote, bwana."

"Kuanzia leo, anayesalimiwa awe na anwani. Asiye na sanduku la posta hasomwi."

"Nimeelewa," akasema Mtangazaji kwa adabu zote.

Jumapili ya tano akasoma tena, na safari hii kila jina lilikuwa na sanduku la posta. Lilikuwa moja kwa wote: sanduku la stesheni yetu. Mkaguzi aliingia studio mbio, wimbo ukiwa hewani, kalamu mkononi kama kisu cha mkate.

"Kwa nini umewapa sanduku letu?"

"Si letu, bwana, ni la serikali. Na serikali ndiyo iliyowachukua. Barua zikifika, si mtawapelekea?"

Barua zikaanza kuja kweli. Mimi ndiye niliyekwenda kuzichukua. Za wake, za watoto, moja ilikuwa na picha ya mapacha waliozaliwa baba akiwa ameshapandishwa lori. Mkaguzi alifungua moja, akaisoma mpaka mwisho, akairudisha kwenye bahasha polepole, akatoka akasimama karibu na mlingoti na mbuzi wa jirani. Nilifikiri labda moyo umemgeuka. Jioni akaandika ripoti, na kabla ya mwezi kwisha kipindi cha salamu kikafutwa na Mtangazaji akaondolewa kwenye maikrofoni, akapelekwa chumba cha kanda za kurekodia kubandika lebo.

Nilimpigia mama simu kumwambia. "Huyo mama ni jasiri," akasema. "Lakini salamu ni salamu. Bado hawajasema." Mgomba haukukatwa.

Mtangazaji alikaa chumba cha kanda mpaka kustaafu. Alikuja kila siku amevaa vizuri kuliko meneja. Nilimwuliza kwa nini haachi kazi, akaniambia, "Nikiondoka wataweka mtu anayeupenda uongo wao." Na jambo ambalo sikulielewa, wala silielewi hata leo: asubuhi wimbo wa taifa ulipopigwa, alisimama wima peke yake kati ya rafu za kanda, mikono ubavuni. "Wanakufanyia hivi na bado unasimama?" nikamwuliza. Akasema wimbo haukumkosea. Alipenda nchi hii kwa ugomvi, kama mtu anavyompenda ndugu mlevi. Angewatukana wakubwa asubuhi, na mchana akagombana na mimi kwa sababu nimetundika picha ya rais upande.

Mwaka huu mama yangu amefariki. Alijilaza baada ya chai, hakuamka. Mimi nilishastaafu, na stesheni imehamia jengo jipya Bungoma, lenye vioo na mashine ya maji baridi. Nikapeleka tangazo, na ndani yake nilimtaja Wanyonyi na lori lililomchukua. Binti wa mapokezi, mpole kabisa, akaliandika kwenye kompyuta, kisha akasimama kwenye mstari mmoja.

"Auntie, hapa kwa huyu Wanyonyi. Tuandike marehemu, ama tumtoe?"

"Andika vile imeandikwa."

"Hii ya lori haiwezi pita. Serikali ndio wenye redio, auntie. Si unajua."

Nilijua, tangu yeye akinyonya. Nikachukua karatasi yangu, nikaenda Kitale kwa Mtangazaji. Nilimkuta uani anakaanga njugu, mgongo umepinda, sauti imekuwa ya kukwaruza. Nikamweleza: mama anazikwa Jumamosi, na kama redio haitasema, atazikwa bila mwanawe kando yake, kwa sababu alituapisha mgomba usikatwe kabla. Hakuniuliza swali. Alizima jiko, akaniambia, "Kesho asubuhi."

Tulifika Bungoma saa mbili. Mtangazaji wa zamu alikuwa kijana mwenye vipokea sauti shingoni. Alipomwona aliinuka kama mwanafunzi.

"Madam! Mimi nimekua nikikusikiza. Lakini hii laini ya lori nikiisoma, kesho siko hapa."

"Ndiyo maana hutaisoma wewe," akasema Mtangazaji.

Kijana akamwangalia, akaniangalia, akaangalia mlango wa meneja. "Vifo ni dakika nane," akasema polepole. "Na mimi tumbo linaniuma tangu jana." Akaacha maikrofoni wazi, akaenda msalani.

Niliwasha taa nyekundu. Zamani nilikuwa nikimwashia kwa sababu ni kazi. Safari hii niliwasha kwa mkono wangu wote.

Akamsoma mama yangu: mke wa nani, binti ya nani, wa kanisa gani. Akasoma mama ya Nekesa. Kisha akasoma, bila haraka: "Mama ya Wanyonyi, mwuza vitunguu, aliyepandishwa lori la serikali siku ya soko, akiwa hai, mbele ya watu. Redio hii ilisema hakuchukuliwa. Alichukuliwa. Aliyesoma uongo huo ni mimi, na wasikilizaji, ninaurudisha." Akarudia mara ya pili yote, neno kwa neno.

Nililia kwa sauti, sikujali. Nikampigia mjomba aliyekuwa Matulo, nikasikia kwenye simu watu wakipiga kelele uani, na mjomba akiniambia vijana wameshachukua panga wanaenda migombani, Jumamosi makaburi yatachimbwa mawili. Huko kwenye korido meneja alikuwa ameshaanza kugomba, mara kwenye simu, mara kwa binti wa mapokezi. Mtangazaji akampita akamwambia habari za asubuhi.

Nje ya geti tulikuta watu watatu. Dukani mkabala redio ilikuwa bado inaongea. Mmoja alikuwa mwanaume aliyevaa ovaroli, mwingine mzee aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili, na wa tatu mama wa makamo na kikapu cha sukuma wiki kichwani. Hawakuwa pamoja, ilionekana. Kila mmoja alikuwa amesimama kivyake, akituangalia.

"Ni wewe umesoma sasa hivi?" mama akamwuliza Mtangazaji.

"Ni mimi."

Mama akateremsha kikapu, akakiweka chini kwenye vumbi.

"Mimi," akasema, "wangu walikuwa wawili."

Mtangazaji akaketi kwenye ukingo wa mtaro, akanigeukia, akaniambia nitoe kalamu.